Gunia la Masweta

Kobe hakupewa jina hilo kwa sababu ya mwendo. Mwendo wake ulikuwa wa kawaida, tena alikuwa na miguu mirefu. Alipewa kwa sababu ya shingo: mtu akimwita ghafla, mabega yanapanda, kichwa kinashuka, na jibu linabaki huko huko ndani. Mwalimu akimsimamisha darasani, wenzake walianza kucheka kabla hajafungua kinywa, na mara nyingi walicheka bure, maana hakukifungua. Alikuwa na miaka kumi na mitano na sauti iliyokwisha kuwa nzito bila kutumika.

Mama yake alipofariki, mwaka uliotangulia, watu walimwangalia wakisubiri. Majirani walisubiri, shangazi zake walisubiri, leso mkononi. Kobe hakulia. Si kwamba alijikaza kiume, kama walivyomsifu wajuaji. Kilio chenyewe hakikuwapo. Unajua mkono ukiulalia usiku ukaamka nao una ganzi? Unauona ni wako, unaubonyeza, lakini hauna habari na wewe. Basi yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Watu wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu, wakaungoja mshindo. Walipochoka kungoja walirudi makwao kupika.

Wahenga walituachia neno kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi hawakusema aujuaye nani. Labda waliona utajijua wenyewe.

Baba yake alikuwa fundi makochi. Kazi yake ni kuvua kitambaa kilichochakaa, kubadili sponji, kupiga misumari na kuvisha kitambaa kipya, na mteja akija achekelee kama aliyeletewa kochi la dukani. Asubuhi moja, baada ya mazishi, aliamka akafungua kabati, akatoa nguo zote za mkewe akawapa wadogo zake marehemu wagawane. Hakuwa na roho mbaya, msimlaumu. Kila alipofungua kabati lile ilimbidi akae kitandani kwanza, na mtu mwenye kazi za watu hawezi kushinda amekaa kitandani. Asiyekuwapo na lake halipo. Kufikia mchana kabati lilikuwa tupu, limebaki na harufu.

Kobe aliwahi kitu kimoja tu. Sweta.

Ilikuwa ya kijani kibichi, nzito, yenye kola, na mama yake aliifuma wodini akiwa ameegemea mto, siku zile dawa za hospitali zilipoanza kumnyonyoa nywele. Hapo hapo pembeni ya kitanda ndipo alipomfundisha Kobe kufuma, ili mtoto asikae anaitazama dripu ikidondoka. Mama alipoimaliza alimvalisha, na mikono ya sweta ikamvuka vidole. "Nimekupimia mbele," alimwambia. "Utaifikia."

Kobe hakuivaa tena. Aliogopa kuichakaza. Aliificha mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile angepekua: chini kabisa ya gunia la masweta makuukuu.

Hilo gunia nalo lina maelezo yake. Uzi wa dukani una bei, na mama yake alikuwa na njia yake. Alikwenda kwenye marundo ya mitumba, akanunua masweta yaliyotoboka ambayo hakuna anayeyataka, akayafumua. Uzi wake hutoka umejikunjakunja kama tambi. Unaufua, unauanika, unauning'inizia chupa ya maji ili unyooke, na baada ya hapo hakuna atakayejua kwamba uliwahi kuwa nguo ya mtu mwingine. Ila usinunue ovyo. Geuza sweta ndani nje, tazama mishono. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikashonwa kwa mashine, ukifumua utapata vipande vya kufungia mboga. Kama kilifumwa umbo lake tangu mwanzo, tafuta fundo la mwisho, lile la kumalizia, na uzi wote utakufuata. Kobe alilirithi gunia pamoja na njia. Alifumua, alifuma, alifumua tena alichofuma. Hakuwa anatengeneza kitu. Mikono ilitaka kazi, akaipa.

Halafu baba yake akaoa.

Mama wa kambo alikuwa msusi, mwanamke mnene mcheshi, mwenye vidole vyepesi kupita kiasi. Alikuja na viti vyake vya plastiki, vioo vyake viwili, na binti yake wa miaka kumi na mitatu ambaye kwao walimwita Chiriku, na aliyempa jina hilo alistahili zawadi. Sebule ikageuka saluni. Chumba cha Kobe kikawa cha Chiriku. "Utalala stoo kwa muda," baba alimwambia, na katika nyumba ile neno "muda" lilikuwa kama mpira wa manati, linavutika. Kobe alihamisha godoro akalitandika kati ya mafurushi ya sponji na mitumba ya vitambaa. Hakukasirika. Hakufurahi pia. Walipomuuliza kama stoo ni sawa, alisema sawa.

Kobe hakumwita mama wa kambo jina lolote. Alimwamkia asubuhi, akajibu akiulizwa, na akapita pembeni ya saluni akiinamisha kichwa, huku wateja wakisema, "Huyu kijana ana adabu jamani." Adabu! Mtu anatembea kama kivuli, wao wanasema adabu.

Kilichobadilika hasa ni nywele. Nyumba ilijaa nywele. Kila jioni Chiriku alifagia, na kila asubuhi zilikuwepo: kwenye sabuni, kwenye shuka, kwenye nyundo ya baba. Siku moja baba alitoa rasta ndefu kwenye kikombe chake cha chai, akaiinua juu akaitazama kwa heshima. "Huyu mteja ameondoka amesahau," alisema. Chiriku alicheka mpaka akapaliwa. Kobe aliona kwamba ilikuwa ni kichekesho. Aliona tu.

Chiriku ndiye aliyemkuta. Alikuja stoo kutafuta kipande cha sponji cha kukalia, akafungua mlango bila kubisha, na hapo alikuwa Kobe na sindano zake mbili, hana pa kuzificha. Mabega yalipanda. Alisubiri Chiriku acheke. Mvulana mrefu namna ile, anafuma! Shuleni wangejua, angehama mji.

"Kumbe unajua!" Chiriku alisema. "Na hukusema! Mimi nimejaribu mwaka mzima kwa njiti za mwavuli, kila nikifika mstari wa tatu kinakuwa chembamba kama mkia wa panya. Kwa nini kinakuwa chembamba, kaka?"

Alikuwa akimwita kaka tangu siku ya kwanza, bila kuombwa.

Kobe aliteremsha sindano. Kisha akasema, "Unaacha vitanzi pembeni."

"Sema tena."

"Pembeni. Vinaponyoka."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Ndivyo ilivyoanza, na kama kuna mwenye kutafuta siku kubwa, hiyo ndiyo yenyewe, wala hakukupigwa ngoma.

Tangu hapo Chiriku alikuja stoo kila akimaliza kufagia. Aliongea, Kobe akafuma. Alimweleza habari za wateja wote, nani ameachika, nani anajidai hajaachika, nani ana upara anaoufunika. Akifuma yeye, mikono yake ilivuta uzi kwa hasira, na sindano zilikwama kama zimepigwa gundi. "Legeza," Kobe alisema. Akalegeza. "Usiubane, hauna kosa." Chiriku aliinua macho. "Kaka, huo ni utani?" Kobe mwenyewe hakuwa na hakika.

Jumamosi walikwenda kwenye mitumba pamoja. Kobe peke yake alikuwa akinunua kwa kunyoosha kidole. Na Chiriku ilikuwa vita: aligeuza masweta ndani nje, akayanusa, akayaelekeza kwenye jua, akamwita kaka yake athibitishe mishono, mpaka muuzaji akasema, "Nyie mnanunua nguo au mnaipima ugonjwa?" Chiriku aliijua kazi ya kufumua haraka kuliko ya kufuma. Alikuwa na vidole vya mama yake. Fundo ambalo Kobe angelihangaikia, yeye alilipata kwa kupapasa.

Je, Kobe alimpenda? Ningesema ndiyo mngefurahi, lakini yeye mwenyewe hakuwa na neno hilo karibu. Alichojua ni kwamba siku Chiriku akichelewa kutoka shule, sindano zilikaa tu mapajani, na yeye akawa anasikiliza mlango.

Basi jioni moja, Chiriku akiwa mlangoni na ufagio, aliuliza, "Kaka, nikihitaji uzi, nichukue sweta yoyote humo?"

Kobe alikuwa anahesabu vitanzi. Mfumaji akiwa anahesabu, hata nyumba iungue. "Yoyote," alisema, bila kuinua kichwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka kochi. Mteja aliishi ghorofani, na kochi lilikwama kwenye kona ya ngazi, likakataa kupanda na likakataa kushuka. Baba alikuwa juu anavuta, Kobe chini anasukuma, na mteja katikati anatoa ushauri. Ilibidi wang'oe miguu ya kochi waipige upya sebuleni kwa watu. Walirudi alasiri, migongo inauma. Baba alikwenda kwenye banda lake la kazi nje. Kobe alikwenda stoo.

"Usiingie!" Chiriku alipiga kelele. "Bado! Ah, basi ingia, umeshaona."

Alikuwa ameketi sakafuni. Mbele yake aliweka stuli ya baba juu chini, na kwenye miguu yake minne alikuwa amezungushia uzi, mizunguko mingi, iliyopangwa vizuri bila kukatika. Uzi ulikuwa wa kijani.

Mapajani mwake kilibaki kipande kama upana wa kiganja, ule ukingo wa chini wa sweta. Mikono, kola, mgongo, vyote vilikuwa kwenye stuli.

"Nilitaka ukirudi ukute uzi tu," Chiriku alisema, huku anavuta. "Nakufumia blanketi. Humu ndani kuna baridi, mimi ndiye niliyechukua chumba chako, na hakuna mtu anayelisema, basi nimeamua nilifanye. Nikatafuta sweta iliyo nzito. Ilikuwa chini kabisa! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama mpaka nikatumbukia gunia zima."

Kobe alikaa chini.

Kipande mapajani mwa Chiriku kilikuwa kinapungua. Uzi ulitoka kushoto kwenda kulia, ukafika ukingoni, ukageuka, ukatoka kulia kwenda kushoto. Neno lilikuwepo kinywani mwa Kobe, neno moja, jepesi, mtoto wa mwaka mmoja analijua: acha. Akalitafuna. Angelisema, angalau kiganja kile kingebaki. Akakaa akautazama mstari ukiisha, na mwingine, na mwingine, na ndani yake hakuna kilichosogea. Aliona ajabu kwamba hakuna kilichosogea. Kitanzi cha mwisho kilikuwa kile cha kwanza alichokifunga mama yake, siku alipoanza kuifuma wodini. Kilifunguka kwa sauti ndogo sana, na mapaja ya Chiriku yakabaki matupu.

"Basi," Chiriku alisema kwa fahari. "Wala haukukatika. Shika huku, tuukunje donge."

Akashika. Walikaa wanatazamana, uzi unapita katikati, na donge likaanza kukua mikononi mwa Kobe.

"Aliyefuma hii, kaka, sitaki kucheza naye karata," Chiriku aliendelea. "Fundo la mwisho kalificha ndani ya kola, chini ya mshono, nimelitafuta mpaka nimetoka jasho. Na huku kwapani kitanzi kilimponyoka, akakikamata kwa uzi mweusi wa kushonea, kwa ndani, huwezi kukiona mpaka ufumue. Na viwiko! Kwenye viwiko ameweka nyuzi mbili mbili. Mikono yote. Kama alijua mvaaji ni mtu wa kuegemea meza."

Kobe alitazama viwiko vyake. Shati la shule lilikuwa limetoboka hapo, pande zote mbili, maana darasani alikaa hivyo siku zote, viwiko mezani na uso kwenye viganja, asionekane. Alikuwa hajui kwamba kuna mtu aliwahi kuliona hilo. Alikuwa hajui habari za nyuzi mbili. Ameificha sweta ile mwaka mzima, na hakujua.

Kitu kama mchomo wa sindano kilimpita chini ya kifua.

"Tena kulikuwa na unywele," Chiriku alisema.

Donge lilisimama.

"Umefumwa humo humo na uzi, mstari mzima karibu na bega. Mfupi, umejisokota, nusu mweusi nusu mweupe. Nikauvuta polepole ukatoka mzima."

"Uko wapi?" Kobe aliuliza.

"Nini?"

"Unywele. Uko wapi?"

Chiriku hakuwahi kumsikia akiuliza jambo mara mbili. "Niliutupa. Hapo chini. Halafu nikafagia, maana mama alikuwa na wateja wengi leo, nikafagia huku na kule pamoja..."

Kobe alikwisha simama. Sebuleni hapakuwa na mtu. Mama wa kambo alikuwa amekwenda kumsuka bibi harusi nyumbani kwao. Ndoo ya takataka ilikuwa chini ya kioo, imejaa hadi shingoni. Aliimwaga katikati ya sakafu, akapiga magoti.

Sasa fikiria mwenyewe. Nywele za siku nzima za saluni: rasta zilizofumuliwa, vipande vilivyokatwa, vishungi vilivyokwama kwenye vitana, nyeusi, nyekundu, za kahawia, za mzee na za mtoto, na manyoya ya sufu na vumbi vimechanganyika nazo. Kobe alishika moja, akaiweka kando. Akashika nyingine.

Chiriku alikuja akapiga magoti upande wa pili. Hakuelewa, lakini mtoto wa msusi haambiwi namna ya kuchambua nywele. Alizipitisha kati ya vidole, na nyingine hata hakuzitazama. "Hizi zote za dukani," alisema, akasukuma fungu kubwa pembeni. "Hii ina dawa. Hii ina dawa. Hii ya yule mwalimu wa chekechea, anapaka hina. Hizi za dukani." Fungu likapungua. Kobe kila alichoshika kilidondoka.

"Kaka," Chiriku alisema, bado anachambua, "ni unywele wa nani?"

Kichwa cha Kobe kilianza kushuka kati ya mabega, kama kawaida yake. Kikashuka, halafu kikakwama.

"Wa mama."

"Mama yangu?"

"Wangu. Ile sweta alinifumia mimi. Alikuwa hospitali."

Vidole vya Chiriku vilisimama. Alitazama sakafu, akatazama mlango wa stoo ulikobaki uzi, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo kadiri alivyozidi kuelewa.

"Ulisema yoyote," alinong'ona. Hakuwa anajitetea. Alisema kama mtu anayejaribu kutafuta pa kushika.

"Nilisema," Kobe alijibu. "Ni mimi niliyesema."

Mnajua ganzi inavyotoka. Ikiwa imekaa haiumi. Kinachouma ni kutoka kwake. Inaanza kwa vichomo vichomo, halafu kiungo chote kinawaka, na huwezi kukigusa wala kukiacha. Ilimwanzia Kobe kwenye viwiko, sijui kwa nini huko, ikapanda mabegani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtoto wala ya mtu mzima. Alilia kwa ubaya. Alilia kwa makamasi, na mdomo wazi, paji la uso karibu na sakafu. Alimlilia mama yake, akazililia nyuzi mbili mbili za viwiko, akakililia na kile kiganja cha mwisho ambacho angeweza kukiokoa kwa neno moja.

Nje nyundo ya baba ilinyamaza. Muda kidogo akatokea mlangoni, misumari imebanwa midomoni kama kawaida ya mafundi makochi, hawezi kusema hata angetaka. Alimwona mwanawe chini. Aliona nywele zimetapakaa. Akaanza kutoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaiweka kiganjani, na ilipokwisha yote bado alikuwa amesimama pale pale, mdomo mtupu.

Kobe alijifuta kwa mkono wa shati, akarudi kwenye fungu. Akashika unywele, akausogeza machoni. Machozi yakamjaa tena, na nywele zote zikawa kitu kimoja cheusi kinachoogelea.

"Sioni," alisema. "Chiriku, sioni."

Chiriku alisogea upande wake, akamsukuma kwa bega, akachukua nafasi yake mbele ya fungu. Na yeye machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha rudi kazini, vinaokota, vinapapasa, vinaweka kando.

"Wewe lia, kaka," alisema. "Kutafuta niachie mimi."